Idara Zikiunganishwa, Ulizeni Boti Iko Wapi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya visiwa vya Lamu)

  Tunajua wengine mmeondoka Faza na Kizingitini alfajiri, mkangoja maji yajae ndipo mpite Mkanda, na wengine mmetoka Hindi na Mkunumbi kwa gari. 

Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikimbia, yaani bajeti ya kaunti, na hasa ile siku serikali inaposema, "Pesa zimepungua, tutapunguza matumizi na kuunganisha idara." Si somo tamu. Lakini tukilikimbia sisi, lenyewe halitukimbii. Basi tuanze na kisa.

UKUMBI TULIOUOMBA

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifanya kazi na vikundi vya kijiji kimoja cha kisiwani. Jina la kijiji tuliache, na la ofisi pia tuliache. Kila mwezi muuguzi alifika hapo kwa boti ya serikali. Alichanja watoto, alipima kina mama waja wazito, akawapa wazee dawa za presha. Boti ilikuwa ya ofisi moja, na mafuta yalinunuliwa na ofisi nyingine. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Wakubwa wawili walielewana tu, kazi ikaenda.

Mwaka mmoja tukasikia ofisi zile mbili zimeunganishwa ili kupunguza gharama. Tukasema, vizuri, mkubwa mmoja badala ya wawili. Hakuna aliyelalamika. Kumbe katika kuunganisha, mafuta ya boti yaliingizwa katika fungu moja lililoitwa "usafiri", na fungu hilo likapunguzwa. Mkubwa mpya alikaa bara, na kwake yeye usafiri ni gari. Boti ikavutwa ufuoni, ikakaa.

Mwezi wa kwanza muuguzi hakuja. Wa pili hakuja. Mwezi wa nne mama mmoja alishikwa na uchungu usiku. Mumewe alikodi mashua, na yule mama akajifungua njiani, penye mikoko, kwa mwanga wa tochi. Tunashukuru mama na mtoto walipona. Lakini wale waliokuwa naye ndani ya mashua wanajua ilivyokuwa karibu.

Tulipokwenda kuuliza, tulijibiwa kwa upole: "Lakini bajeti ililetwa kwenu. Mkutano ulifanyika, na nyinyi mlikuwepo." Na kweli tulikuwepo. Tulionyeshwa kumbukumbu za mkutano, tukaona majina yetu, tukaona na maneno yetu. Tuliomba nini? Tuliomba ukumbi wa mikutano na viti vya plastiki 100. Hakuna hata mmoja wetu, wala sisi wafanyakazi wa ustawi wa jamii tulioitisha kikao cha kujiandaa, aliyetaja mafuta ya boti. Boti ilikuwa ikija kila mwezi, na kitu kijacho kila mwezi mtu hukiona kama mwezi mwenyewe, kwamba utaandama tu.

Ndugu zetu, hilo ndilo neno tunalotaka mrudi nalo nyumbani. Mwaka wa kupunguza, kabla hamjaomba kipya, lindeni cha zamani kinachofanya kazi. Mengine yote tutakayosema leo ni kueleza namna ya kufanya hivyo.

PESA HUPUNGUAJE?

Fedha za kaunti hutoka mahali patatu hasa. Kwanza ni mgao kutoka Nairobi, yaani fungu la kaunti katika mapato ya taifa. Pili ni makusanyo ya hapa hapa, kama leseni za biashara, ushuru na ada za hospitali. Tatu ni misaada na mikopo iliyotolewa kwa kazi maalumu. Kwa Lamu, mgao ndio tanga. Hayo mengine ni makasia.

Katika mwaka wa fedha 2021/22 Lamu ilitengewa kiasi cha shilingi bilioni 3.1 katika mgao huo, fungu dogo kuliko la kaunti nyingine yoyote kati ya zote 47. Wapo watakaowaambia, "Nyinyi ni wachache, zinawatosha." Tufanye hesabu kwa haki. Hesabu ya watu ya 2019 ilitukuta 143,920. Ukigawa fungu lile, ni kama shilingi 21,500 kwa kila mtu. Kwa nchi nzima, mgao wa mwaka huo ulikuwa kama shilingi 7,800 kwa kila mtu. Basi tusiende kusema kwamba kwa hesabu ya vichwa tumepunjwa. Tuseme ukweli wenye nguvu zaidi: zahanati ya kisiwani yenye watu 800 yataka muuguzi, friji ya chanjo na paa zima, sawasawa na ile yenye watu 8,000. Na juu ya hayo yataka boti na mafuta. Gharama yetu kubwa ni bahari. Anayepunguza bajeti ya Lamu bila kuitazama bahari amekata asichokiona.

Sasa, upungufu huja vipi? Chukueni mfano wa juzi tu. Kwa mwaka wa fedha 2024/25, kaunti zote ziliahidiwa kwa sheria shilingi bilioni 400.1. Juni 2024 vijana waliandamana kupinga kodi mpya, na Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi Mswada wa Fedha. Serikali kuu ikabaki na pengo. Seneti na Bunge la Taifa wakavutana kwa miezi, na mwisho wakapatana kwenye bilioni 387.4. Yaani karibu bilioni 12.7 ziliondoka wakati kaunti zimekwisha kupanga na mwaka umekwenda karibu nusu yake. Julai hiyo hiyo ya 2024 serikali kuu ilisema itafuta mashirika yake 47 ambayo kazi zake zinagongana. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya nchini ikayumba. Upepo ulibadilika mara tatu katika miezi saba.

Na msidhani ni mambo ya nchi maskini tu. Birmingham ni mji wa Uingereza wenye watu zaidi ya milioni 1. Septemba 2023 baraza la mji ule lilitangaza rasmi kwamba haliwezi kulipia yale yote linalodaiwa. Machi 2024 madiwani wake walipitisha kupunguza matumizi kwa kiasi cha pauni milioni 300 katika miaka miwili, na kupandisha kodi ya wakazi kwa karibu asilimia 10. Wakazi walisimama kutetea maktaba za mitaa yao. Hawakusimama kuomba maktaba mpya, walitetea zile walizokuwa wakizitumia. Tunataja mji ule ili tujue kwamba kupunguziwa si fedheha yetu peke yetu, na kwamba penye kisu, mwenye kutaja jina la kitu chake ndiye husikiwa.

KUUNGANISHA IDARA SI DHAMBI

Tusije tukatoka hapa tukipinga kila muungano wa idara. Hapana. Ofisi mbili zikiwa na madereva wawili, makarani wawili, na kila mmoja anangoja sahihi ya mwenziwe, kuziunganisha ni akili. Pesa iliyookolewa kwa karani inaweza kununua dawa.

Tena huku kwetu si jambo geni. Wazee wanakumbuka: tangu tarehe 1 Januari 1970 mabaraza ya kaunti yaliondolewa elimu ya msingi, afya na barabara, kazi hizo zikachukuliwa na serikali kuu. Halafu ukaja uchaguzi wa Machi 2013. Mabaraza yote 175 ya nchi, pamoja na Baraza la Kaunti ya Lamu, yakafutwa. Watumishi wa baraza, na wale wa afya, kilimo, mifugo na uvuvi waliokuwa chini ya wizara za Nairobi, wakakutana chini ya paa moja la serikali ya kaunti. Huo ulikuwa muungano mkubwa wa idara kuliko wote tuliouona, na umetuletea hospitali na uamuzi karibu zaidi.

Kuna sababu nyingine. Katiba ya 2010 inasema kwamba kaunti yenye bunge la wajumbe wasiofika 30 haiwezi kuwa na mawaziri wa kaunti zaidi ya thuluthi moja ya wajumbe hao. Lamu ina wadi 10 tu, na hata ukiongeza wajumbe maalumu, bunge letu ni dogo. Kwa hiyo mawaziri ni wachache, na kila mmoja hubeba kazi nyingi mkononi. Samaki, ng'ombe na ushirika vinaweza kulala chumba kimoja. Hatuwezi kulia kwa hilo.

Tatizo liko pengine. Idara mbili zikiwa moja, kazi za vitabuni huhamia kwenye kitabu kipya. Lakini zile kazi zilizokwenda kwa maelewano, kwa simu, kwa "nisaidie ndugu yangu", hazina kitabu. Hizo ndizo huanguka baharini wakati wa kupakia. Na visiwani kazi nyingi huenda kwa maelewano. Nahodha wa ofisi hii huchukua mizigo ya ofisi ile. Friji ya chanjo iko kwenye chumba cha jirani kwa sababu jirani ana umeme wa jua.

Basi idara zikiunganishwa, msiulize tu, "Nani ndiye mkubwa mpya?" Ulizeni maswali matatu:

1. Kazi hii iliyokuwa ikifanyika kijijini kwetu, sasa ni ya nani kwa jina la cheo chake?

2. Pesa zake ziko kwenye fungu gani la kitabu cha bajeti, na ni kiasi gani?

3. Mwaka uliopita zilikuwa kiasi gani?

Ikiwa jibu la swali la pili ni "zimo ndani ya usafiri", au "zimo ndani ya uendeshaji", msirudi nyumbani kulala. Ombeni iandikwe.

KISU HUKATA MWEZI GANI?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani bajeti huamuliwa siku ya mkutano chini ya mwembe, mwezi wa Mei. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na kila kiongozi wa kikundi azibandike ukutani:

Tarehe 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka ujao hupelekwa bunge la kaunti. Mradi usiokuwa humo ni vigumu kupata pesa.

Tarehe 28 Februari: hupelekwa karatasi ya sera ya fedha. Hii husema kila idara itapata kiasi gani kisichozidi. Bunge hupewa siku 14 tu za kuizingatia.

Tarehe 30 Aprili: makadirio yenyewe hufika bungeni, fungu kwa fungu.

Tarehe 30 Juni: sheria ya matumizi iwe imepitishwa. Tarehe 1 Julai mwaka mpya huanza.

Mmeona? Katika Februari ndipo inapoamuliwa kwamba idara fulani itapungua. Mei tunaitwa kujadili namna ya kugawana kile kilichobaki ndani ya idara. Mwenye kuja Mei peke yake amekuta nyama imekatwa, anachagua mchuzi.

Na angalieni kalenda hii na kalenda yetu ya bahari. Februari ni kaskazi, bahari imetulia, wavuvi wako kazini usiku na mchana, hawana nafasi ya mikutano. Mei kusi imeshika na mvua za masika zinanyesha, na kutoka Kiwayu au Ndau kufika mkutanoni ni kujitia hatarini. Aliyeweka tarehe hizo hakuwa mtu wa visiwani. Hatuwezi kuzibadilisha tarehe, lakini twaweza kuandika barua Januari, bahari ikiwa shwari, na kumpa nahodha aipeleke. Barua haiogopi kusi.

Kuna jambo jingine. Katikati ya mwaka kaunti huweza kuleta bajeti ya ziada. Msidanganyike na jina. Iitwayo ya ziada mara nyingine ni ya kupunguza, na kwa kuwa hupita haraka, vijiji hupata habari mambo yamekwisha. Mwambieni mwakilishi wenu wa wadi: "Bajeti ya ziada ikiingia bungeni, tupigie simu siku hiyo hiyo."

KAWAIDA NA MAENDELEO

Katika kitabu cha bajeti kuna pande mbili. Upande mmoja waitwa matumizi ya kawaida, na wa pili matumizi ya maendeleo. Masikioni mwetu, maendeleo ni neno zuri na kawaida ni neno la ulafi. Mtu akisimama mkutanoni akasema, "Punguzeni matumizi ya kawaida, leteni maendeleo!" tunapiga makofi.

Lakini hebu tufungue. Katika maendeleo mna kujenga jengo, gati, jabia, kununua boti. Katika kawaida mna posho na safari za wakubwa, ni kweli. Humo humo mna mshahara wa muuguzi, dawa, mafuta ya boti, fundi wa kutengeneza pampu na mtu wa kusafisha jabia. Ukikata kawaida bila kuangalia, umekata muguu wa muuguzi pamoja na kiti cha mkubwa. Ndiyo maana huku na kule tunaona zahanati imejengwa vizuri, imepakwa rangi, na mlango una kufuli.

Kanuni za fedha za 2015 zataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Ni kanuni nzuri. Lakini zinapobana, mahali pepesi pa kukata ni pale katikati: mafuta, matengenezo, dawa. Hapana bango la kufungua rasmi mafuta ya boti. Hakuna mwanasiasa anayepigwa picha na lita 40 za petroli. Kwa hiyo yasipotetewa na wenyewe wapandao, hayana mtetezi.

Tuseme safari moja ya boti ile yatumia mafuta ya shilingi 8,000. Safari 12 kwa mwaka ni 96,000. Ukumbi tuliouomba sisi ungegharimu mamilioni. Tulipigania mamilioni tusiyoyapata, tukapoteza elfu tisini na sita tulizokuwa nazo.

KAZI YA KIKUNDI

Tunapendekeza kila kikundi kifanye hivi.

Kwanza, kaeni mwezi wa Desemba au Januari mwandike orodha ya huduma zote za serikali zinazofika kijijini. Msiandike mnayoyataka, andikeni mliyo nayo. Muuguzi, maji, mwalimu wa chekechea, afisa wa uvuvi, chanjo ya mbuzi, kuzoa takataka. Kando ya kila moja andikeni hufika mara ngapi, na hufika kwa chombo gani.

Pili, kina mama waseme kwanza. Wao ndio wapandao boti ya kliniki na wachotao maji ya jabia. Mkutano ambao wanaume wanasema na kina mama wanapika chai, utaomba ukumbi.

Tatu, chagueni vitu vitatu ambavyo vikiondoka mtu anaweza kufa, au mtoto akaacha shule. Hivyo vitatu ndivyo vya kulindwa mwaka huu.

Nne, ombeni kitabu. Ni haki yenu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku zisizozidi 21 za kujibu ombi. Nendeni kwa msimamizi wa wadi, mwandikieni, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Tena Msimamizi wa Bajeti wa taifa hutoa taarifa kila robo mwaka kuonyesha kaunti imetumia nini. Kijana mmoja wa kikundi mwenye simu aipakue, awasomee.

Tano, peleka barua fupi kwa karani wa bunge la kaunti, na nakala kwa mwakilishi wa wadi. Kila mtu ana haki ya kupeleka ombi bungeni chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Mjue pia kwamba sheria hiyo hiyo inaipa kamati tendaji ya kaunti uwezo wa kuanzisha, kubadilisha na kufuta idara. Yaani muungano wenyewe huenda usiletwe mbele yenu. Lakini pesa zake lazima zipite bungeni. Basi ifuateni pesa.

Sita, mkiomba kuongezewa, semeni ipunguzwe wapi. Sheria ya fedha inasema kwamba bunge likiongeza fungu moja, lipunguze fungu jingine. Kikundi kinachosema "tuongezeeni" tu kimemwachia mwakilishi kazi nzima. Kikundi kinachosema "ongezeni hapa, punguzeni pale" kimempa silaha.

Mfano wa barua ni huu:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Sisi kikundi cha (jina), wadi ya (jina), tuna wanachama (idadi). Boti ya kliniki hufika kwetu mara 1 kwa mwezi. Tumeona idara zimeunganishwa. Tunaomba mafuta na matengenezo ya boti hii yaandikwe kwa fungu lake peke yake, yasipungue kiasi cha mwaka jana, na cheo cha afisa mwenye dhamana kitajwe. Ikiwa hapana budi kupunguza, tunakubali ukumbi wetu uahirishwe mwaka mmoja. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Ni fupi, haina matusi. Someni tena mstari ule wa ukumbi. Huo ndio mgumu, na hapo ndipo tunapomalizia.

NENO GUMU

Tulipokuwa tukijadili mambo haya katika kikao kimoja, mzee mmoja alisimama akasema, "Wanangu, mwatufundisha kukubali kidogo. Sisi tumekubali kidogo tangu tuzaliwe." Watu walinyamaza. Na sisi tulinyamaza, kwa maana alisema kweli. Visiwa hivi vimengoja mengi. Mtu aliyengoja miaka 40 kupata gati, ukimwambia aahirishe tena, unamgusa jeraha.

Hatukumjibu kwa hoja. Mama mmoja wa makamo ndiye aliyemjibu: "Baba, hatukubali kidogo. Twakataa kunyang'anywa. Ukumbi tutauomba tena mwakani, tutakuwa hai." Mzee alitikisa kichwa, akaketi. Hakusema ameridhika, wala sisi hatusemi alipaswa kuridhika.

Tunaongeza moja tu. Kulinda kilichopo kusiwe kisingizio cha wakubwa. Kikundi kikisema kiko tayari ukumbi ungoje, kina haki ya kuuliza kwa sauti: na nyinyi, ni safari zipi zitangoja? Ni semina zipi za hotelini zitangoja? Ni magari mangapi yatakaa miaka miwili zaidi kabla ya kubadilishwa? Funga ni ya nyumba nzima. Haiwezekani watoto wafunge na baba ale jikoni.

Na ile boti je? Ilichukua mwaka mzima na barua nne. Mafuta yalirudi, ingawa si kwa safari 12, kwa safari 8. Kina mama walikaa na muuguzi wakapanga miezi ipi iachwe, ili wajawazito wasikose. Ukumbi haujajengwa mpaka leo. Vikundi hukutana chini ya mwembe, na katika kila mkutano wa mwanzo wa mwaka mwenyekiti husoma ile orodha ya huduma, moja baada ya moja, na watu hujibu: ipo, ipo, haipo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tuyalinde yangali mtungini. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni huduma gani za serikali zinazofika kijijini kwetu leo? Zipi zaenda kwa maelewano tu, bila kuandikwa?

2. Mara ya mwisho tulipohudhuria mkutano wa bajeti, tuliomba nini? Nani alisema, na nani hakusema?

3. Ikiwa pesa zitapungua mwaka ujao, ni vitu gani vitatu tusivyokubali viguswe? Ni kipi kimoja tuko tayari kukingoja?

4. Nani kati yetu atakayeandika barua, na nani atakayeipeleka kabla ya mwisho wa Januari?